Familia ya marehemu imekubali atumike kwenye tangazo. Je, inatosha?

Kalamu ya Usiku (mleta mada)

Wakuu, heshima zenu. Nina swali kwa wanaofanya kazi za matangazo, haki za wasanii na uhariri wa picha.

Chukulia mfano huu. Kampuni ya kinywaji cha kuongeza nguvu inataka tangazo la sekunde 30. Nyota wake ni mchekeshaji aliyefariki miaka 12 iliyopita. Msimamizi wa mirathi ni mjane. Yeye na watoto wawili wamekubali. Mtoto wa tatu hajasema ndiyo wala hapana. Skripti inataka marehemu aamke kitandani, afungue kopo, anywe, kisha aseme sentensi mbili ambazo hakuwahi kuzisema maishani. Uso utatengenezwa kwa akili mnemba juu ya mwili wa mwigizaji mwingine, na sauti vilevile.

Mwanasheria wa kampuni anasema saini ya msimamizi wa mirathi inatosha. Nauliza: kisheria ni kweli inatosha? Kimaadili mpaka uko wapi? Na kama kazi itafanyika, ifanyweje isigeuke kichekesho cha wiki mtandaoni?

---

Bi Hakimiliki

Nianze na la sheria, maana ndilo linalowapoteza wengi. "Idhini ya familia" si kitu kimoja. Tangazo moja lina haki nne au tano zilizolaliana, na kila moja ina mwenyewe.

Ya juu kabisa ni haki ya sura, jina na sauti. Hii hubadilika ukivuka mpaka tu. Huko Marekani, jimbo la California linailinda miaka 70 baada ya kifo. Indiana miaka 100. New York haikuwa nayo kabisa kwa marehemu hadi mwaka 2021. Sasa inatoa miaka 40, tena kwa waliofariki kuanzia tarehe 29 Mei 2021 tu. Ujerumani, mahakama kuu ya shirikisho ilikubali mwaka 1999, katika shauri la mwigizaji Marlene Dietrich, kwamba warithi wanarithi upande wa biashara wa sura ya marehemu. Mwaka 2006, katika shauri lililohusu jina la mwigizaji Klaus Kinski, mahakama hiyo hiyo ikauwekea upande huo kikomo cha miaka 10. Uingereza haina haki ya sura ya namna hiyo hata kwa mtu aliye hai. Huko unashitaki kwa hakimiliki, kwa alama ya biashara, au kwa kudai kwamba umma umedanganywa kuhusu nani yuko nyuma ya bidhaa.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa msimamizi wa mirathi lisiwe "mnakubali?" Liwe "marehemu alikuwa na makazi yake ya kudumu wapi siku aliyofariki?" Mfano unaofundishwa kila mahali ni mwigizaji Marilyn Monroe. Alifia Los Angeles mwaka 1962. Wasimamizi wa mirathi yake walishikilia kwamba makazi yake yalikuwa New York, jambo lililowaepusha na kodi ya mirathi ya California. Miaka mingi baadaye waliomiliki mirathi hiyo wakataka kutoza watu kwa sura yake kwa kutumia sheria ya California. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikawaambia: ninyi ndio mliosema ni mtu wa New York, na New York haina haki hiyo. Waliowahi kulipia leseni walikuwa wamelipia kitu ambacho muuzaji hakuwa nacho.

Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu, ambacho Albert Einstein alikiachia mali yake ya kitaaluma, kilishindwa na General Motors. Kampuni hiyo ilikuwa imebandika kichwa cha Einstein juu ya kifua cha kijana mwenye misuli ili kuuza gari, katika tangazo la jaridani la mwaka 2009. Jaji aliona kwamba haki hiyo, kwa sheria ya New Jersey alikofia Einstein, isingeweza kuzidi miaka 50. Einstein alifariki mwaka 1955. Hesabu ikaisha hapo.

Chini ya haki ya sura kuna kazi zenyewe. Picha ni ya mpiga picha au aliyemwajiri. Kipande cha filamu ni cha studio, na waigizaji wengine walioonekana nyuma wana madai yao. Wimbo una mtunzi, na rekodi ya wimbo ina mwenyewe mwingine. Saini ya mjane haigusi hata kimoja kati ya hivi. Kuna pia alama za biashara: jina la marehemu au msemo wake maarufu unaweza kuwa umesajiliwa na kampuni ambayo familia haiihusu hata kidogo.

Kuhusu mtoto aliyenyamaza: California inaruhusu leseni itolewe na warithi wenye zaidi ya nusu ya haki. Kisheria, basi, inawezekana asiulizwe. Lakini msisome ukimya wake kama ndiyo. Mwaka 1997 Fred Astaire, mcheza dansi wa filamu aliyefariki mwaka 1987, alionekana akicheza dansi na vifyonza vumbi vya Dirt Devil, vilivyochomekwa kidijitali kwenye vipande vya filamu zake. Mjane wake alitoa idhini, na haki ilikuwa yake. Binti wa Astaire akapinga hadharani, na kwa watazamaji wengi upinzani huo ukawa ndiyo habari yenyewe.

Jambo moja dogo linalosahaulika: California ina daftari la madai ya warithi kwa Katibu wa Jimbo. Mrithi asiyejiandikisha hawezi kudai fidia kwa matumizi ya kabla ya kujiandikisha. Kuangalia daftari hilo ni kazi ya dakika chache.

---

Mzee wa Kampeni

Dada Hakimiliki amemaliza la sheria, mimi nashika la pili.

Mleta mada, tatizo la skripti yako si uso. Ni zile sentensi mbili. Kuna kumnukuu marehemu na kuna kumsemesha. Ukichukua kipande halisi alichokubali kurekodiwa, unamnukuu. Ukimpa maneno mapya, unamsemesha, na maneno hayo ni ya mwandishi wa skripti aliyelipwa na mwenye kopo. Mtazamaji anamwamini marehemu kwa sababu ya kazi aliyoifanya akiwa hai. Wewe unaikopa imani hiyo kwa bidhaa asiyoijua.

Tazama hata kanuni za ushuhuda kwenye matangazo. Kanuni za Chemba ya Kimataifa ya Biashara (ICC) zinataka ushuhuda uwe wa kweli na uweze kuthibitishwa. Mwongozo wa tume ya biashara ya Marekani unasema kwamba tangazo likionyesha kuwa fulani anatumia bidhaa, basi awe mtumiaji wa kweli wakati alipotoa ushuhuda huo. Kinywaji chako kilikuwa sokoni miaka 12 iliyopita? Kama hakikuwepo, marehemu kufungua kopo na kunywa ni uongo hata asiposema neno.

Kipimo ninachokitumia ni ushahidi wa maisha yake. Usiniambie "angependa". Nionyeshe mahojiano, mikataba aliyosaini, mikataba aliyoikataa, hisani alizoziunga mkono. Mwigizaji Audrey Hepburn alitengenezwa upya kwa kompyuta mwaka 2013 kwa tangazo la chokoleti ya Galaxy, miaka 20 baada ya kifo chake. Wanawe wawili waliidhinisha, na walieleza kwamba mama yao aliipenda chokoleti na alikuwa akilisema jambo hilo mwenyewe. Unaweza bado kulichukia tangazo lile, lakini walau kuna kamba inayomfunga mtu na bidhaa.

Sasa linganisha na Bruce Lee katika tangazo la wiski ya Johnnie Walker, mwaka huohuo wa 2013. Binti yake alishirikishwa na akakubali. Mashabiki wakauliza mambo mawili: mbona anatangaza pombe mtu anayejulikana kwamba hakuwa mnywaji? Na mbona anazungumza Kimandarini wakati lugha yake ilikuwa Kikantoni? Swali la pili ndilo linalonichekesha hadi leo. Ukianza kumsemesha mtu, unalazimika kumchagulia hata lugha.

Kwa hiyo kabla ya kikao kingine na familia, mtu mmoja apewe siku tatu za kusoma na kusikiliza kila alichosema marehemu kuhusu matangazo, afya, ulevi, sukari, siasa na dini. Mchekeshaji aliyewahi kukejeli vinywaji vya kuongeza nguvu kwenye jukwaa lake mwenyewe atakufukuzeni kazi kutoka kaburini. Kanda hiyo ikiwepo, itapatikana siku ya kwanza tangazo likitoka.

Na wosia usomwe, jamani. Adam Yauch wa kundi la rap la Beastie Boys, aliyefariki mwaka 2012, aliacha wosia unaokataza jina lake, sura yake na kazi zake kutumika kwa matangazo. Mchekeshaji Robin Williams, aliyefariki mwaka 2014, alizuia matumizi ya sura yake kwa miaka 25, hadi mwaka 2039. Mtu akishasema hivyo, kikao kimekwisha.

---

Fremu 25

Nijibu la tatu, la kiufundi, kwa sababu matangazo mengi ya namna hii hayaui heshima ya marehemu kwa nia mbaya. Yanaiua kwa macho na mdomo.

Mwigizaji wa mwili ndiye nusu ya kazi. Watu hutafuta anayefanana usoni, wakati uso ndio utakaofunikwa. Tafuta urefu wa shingo, upana wa mabega, umbo la fuvu na la taya, na mwendo. Taya ya mwigizaji ikiwa pana kuliko ya marehemu, uso mpya unakaa juu yake kama barakoa na kingo zinatetemeka akigeuka. Taya nyembamba kuliko ya marehemu ni rahisi kuijaza.

Halafu angalia ulichonacho kwenye nyaraka. Akili mnemba hujifunza kutokana na ulichoilisha. Kama picha zote za mchekeshaji ni za mbele, zenye mwanga wa jukwaani kutoka juu, usimpige ubavuni dirishani asubuhi. Skripti inasema anaamka kitandani: hiyo ni shoti ya uso uliolala, mwanga laini wa pembeni, macho yanafunguka taratibu. Ni pembe ambayo pengine haipo hata mara moja kwenye kanda zote. Kompyuta itaibuni, na hapo ndipo mtazamaji anapohisi maiti. Samahani kwa neno hilo lakini ndilo watakaloliandika kwenye maoni. Marehemu kuamka kitandani! Aliyeandika skripti hii alikuwa amelala yeye.

Chagua umri mmoja. Ukichanganya kanda za akiwa na miaka 30 na za akiwa na 55, unapata mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Punguza muda wake kwenye skrini. Kwa fremu 25 kwa sekunde, sekunde 4 ni fremu 100, na kila fremu itakaguliwa kwa jicho la mtu. Kwenye sekunde 30 ningempa shoti tatu, hakuna inayozidi sekunde 2, na moja tu ya karibu. Kinachovunjika kwanza ni ndani ya mdomo: meno yanayeyuka, ulimi unapotea kwenye sauti za "th" na "l". Kinachofuata ni macho kutofuata kitu anachokitazama, kisha ngozi kuwa safi mno kuliko picha inayoizunguka. Ngozi unairekebisha kwa kurudisha chenga za filamu (vile vipunje vya picha za kanda) juu ya fremu nzima mwishoni, si kwenye uso peke yake. Mdomo hauna dawa zaidi ya kutomzungumzisha. Kunywa ni kubaya kuliko kuzungumza: midomo inagusana na chuma, mashavu yanajaa, koo linapanda na kushuka.

Sauti. Dakika chache za sauti safi zinatosha kuiga rangi ya sauti. Haziigi ucheshi. Ucheshi uko kwenye kusita, kwenye pumzi kabla ya neno, na kompyuta inavisawazisha hivyo vyote. Kanda za jukwaani zina vicheko vya watu juu ya sauti. Ukivichuja, herufi za "s" na "f" zinabaki na mlio wa bati. Na wengine hukimbilia mwigaji wa sauti wakidhani ameepuka sheria. Mwimbaji Bette Midler, ambaye alikuwa hai na bado yuko hai, alishinda rufaa dhidi ya Ford mwaka 1988 kwa sababu tu walimwajiri mtu aimbe kama yeye. Tennessee nayo imeiweka sauti wazi kwenye sheria yake tangu Julai 2024.

Kama mnataka mfano wa haki zote kuwa sawa na tangazo kuanguka vibaya, tazameni la bisi za Orville Redenbacher la mwaka 2007. Jina kwenye pakiti ni lake. Bidhaa aliianzisha mwenyewe na kuitangaza mwenyewe akiwa hai. Kamba ya Mzee wa Kampeni ilikuwepo, tena nene. Uso wa kompyuta ukawatisha watu, na jina la utani likatengenezwa kwa kuchomeka neno la Kiingereza "dead" (mfu) kwenye jina lake: "Deadenbacher".

---

Upande wa Tatu

Nawasoma, ila naona Mzee wa Kampeni amejijengea ukuta wenye tundu. Kunukuu ni salama, kusemesha ni kosa? Hebu tuangalie.

Februari 2018, wakati wa Super Bowl, fainali ya kandanda ya Kimarekani, magari ya Ram yalitangazwa kwa sauti ya Martin Luther King. Hakuna neno lililobuniwa. Ilikuwa rekodi halisi ya hotuba aliyoitoa kanisani tarehe 4 Februari 1968, na tangazo lilirushwa tarehe hiyohiyo, miaka 50 kamili baadaye. Wanaosimamia haki zake waliidhinisha. Tatizo: ndani ya hotuba hiyohiyo King aliwaonya watu kuhusu watangazaji wa biashara na kuhusu kununua magari yaliyo juu ya uwezo wao. Sehemu hiyo ilikatwa. Watu hawakuchelewa kuchukua picha za tangazo na kuzipandikizia maneno yaliyoachwa. Huku ni kunukuu kwa asilimia mia, na ni kubaya kuliko mengi ya kompyuta.

La pili, mnaizungumzia familia kama mtuhumiwa. Watoto wa msanii wengi walilelewa na baba aliyekuwa safarini; sura hiyo ndiyo urithi walioachiwa. Ukikataa wasiiuze kwa heshima, utaiona ikiuzwa bila heshima na mtu mwenye programu ya bure kwenye kompyuta yake, na wao hawapati kitu.

La tatu, ambalo hakuna aliyeligusa: bidhaa na historia ya kampuni. Julai 2023 Volkswagen nchini Brazil ilimrudisha Elis Regina, mwimbaji aliyefariki mwaka 1982, akiendesha gari huku binti yake Maria Rita akiendesha lingine pembeni, wakiimba pamoja. Binti yumo ndani ya tangazo, kwa hiyo familia haikukubali tu, ilishiriki. Uso ulipandikizwa juu ya mwigizaji mwingine, kama anavyoeleza Fremu. Wengi walilia kwa furaha. Wengine wakauliza: kampuni hii, iliyokubali mwaka 2020 kulipa fidia kwa ushirikiano wake na utawala wa kijeshi, inapataje kumtumia mwimbaji wa kizazi kilichoteswa na utawala huo, tena kwa wimbo wa miaka hiyo? Baraza la maadili ya matangazo la huko lilifungua shauri, likalijadili, likalifuta: warithi walikubali, na wengi wa wajumbe waliona ni dhahiri kwamba ni kazi ya kompyuta. Je, swali la kampuni lilijibiwa? Halikuwa hata mezani.

---

Mzee wa Kampeni

Upande wa Tatu, la King umenipata. Nirekebishe: nukuu ibebe na maana yake. Kabla ya kutumia sekunde 20, isikilizwe kanda nzima, na aliyekata aweze kuichezesha sehemu iliyobaki mbele ya mteja bila kuona haya. Akiona haya, kipande hicho hakifai.

La urithi nakubaliana nusu. Familia ina haki ya kipato, hilo sibishi. Lakini kurithi haki ya kuuza si kurithi haki ya kumfahamu. Mrithi anaweza kuwa mke wa pili aliyeolewa naye miaka mitatu, au kampuni iliyonunua haki kwa mjukuu ambaye hakumwona. Haki za watu wengi maarufu waliokufa zimo mikononi mwa mawakala na wawekezaji. Wao watakubali karibu kila kitu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yao. Ndiyo maana nataka ushahidi wa maisha, siyo saini peke yake.

Na usisahau wanaobaki nje ya urithi. Mwaka 2007 viatu vya Dr. Martens vilitangazwa na wanamuziki wanne waliokufa, akiwemo Kurt Cobain, wakiwa wameketi mawinguni na mavazi ya mbinguni, buti miguuni. Picha zilikuwa na leseni, na Uingereza hakuna haki ya sura ya kukiuka. Mjane wa Cobain alipolipuka, kampuni iliomba radhi na kuachana na wakala wake wa matangazo. Kanuni ya matangazo ya Uingereza yenyewe inataka marejeo ya watu waliokufa yashughulikiwe kwa uangalifu wa pekee ili yasiumize. Mwanasheria aliyewaambia "ni halali" alikuwa sahihi, na bado wakala akapoteza mteja.

---

Kalamu ya Usiku (mleta mada)

Nashukuru sana wakuu. Tuseme basi sentensi mbili zinaondolewa, kitanda kinaondolewa, na badala yake kinatumika kipande halisi cha jukwaani. Kopo linabaki kwa mwigizaji mwingine aliye hai. Mkataba uandikweje? Na mtazamaji aambiweje?

---

Bi Hakimiliki

Hapo umeshapunguza nusu ya matatizo. Mambo ninayoyapigania kwenye mkataba wa namna hii:

Kipande kitajwe kwa sekunde zake, kutoka wapi hadi wapi, na skripti yote iambatanishwe kama sehemu ya mkataba. Maneno kama "matumizi yote ya sura katika vyombo vyote, vilivyopo na vitakavyobuniwa" yakatwe. Hayo ndiyo yanayomfanya mtu ajikute anauza mikopo miaka sita baadaye.

Nchi zitajwe moja moja. Muda uwe mfupi, mwaka mmoja, na kuongeza kuwe kwa saini mpya. Kusiwe kunajiongeza kwenyewe. Kwenye mtandao tangazo halifi, kwa hiyo iandikwe nani analiondoa kwenye kurasa za kampuni na ndani ya siku ngapi muda ukiisha.

Familia iidhinishe mara mbili: skripti kabla ya kupiga picha, na tangazo lililokamilika kabla ya kurushwa. Idhini ya skripti peke yake haitoshi. Muziki na uhariri vinaweza kuugeuza ucheshi kuwa dhihaka bila kubadilisha neno.

Hata kama mnatumia kipande halisi, weka kifungu kinachokataza kuilisha sura au sauti kwenye mfumo wowote wa akili mnemba. Kama baadaye watakubali nakala ya kidijitali, iandikwe modeli iliyofunzwa ni ya nani, inahifadhiwa wapi, inafutwa lini, na nani anathibitisha kufutwa. Watu hujadili malipo ya tangazo na kusahau kwamba kilichobaki kwenye seva ni marehemu mzima anayeweza kusemeshwa chochote. California sasa inatoza angalau dola 10,000 kwa nakala ya kidijitali ya marehemu isiyo na idhini kwenye kazi za picha na sauti, lakini fidia huja baada ya aibu.

Msimamizi atoe tamko la maandishi kwamba ametaja warithi wote. Mtoto wa tatu aandikiwe barua, apewe skripti na tarehe ya kujibu, aelezwe kwamba akikataa tutasimama. Ndiyo, tutasimama, hata kama sheria haitulazimishi. Mteja asiyekubali kifungu hicho anakuambia mapema atakavyofanya siku ya lawama.

Na mtoto huyo asilipwe kwa kukubali zaidi ya wenzake. Ikijulikana, itaitwa rushwa.

---

Fremu 25

Kuhusu kumwambia mtazamaji: kwa kipande halisi, andika mwaka wa rekodi kwenye kona tangu fremu ya kwanza anayoonekana. Hiyo peke yake inaeleza kwamba hasemi habari za kopo. Kwa nakala ya kompyuta, maandishi yakae muda wote uso uko kwenye skrini, yawe na ukubwa wa kusomeka kwenye simu iliyoshikwa wima, na yasiwe meupe juu ya ukuta mweupe. Maandishi ya sekunde 2 mwishoni ni ya kumridhisha mwanasheria. Redioni, tamko lije kabla ya sauti ya marehemu, maana baada yake msikilizaji ameshaamini. Umoja wa Ulaya nao, kwenye sheria yake ya akili mnemba, unadai picha na sauti bandia za namna hii zitajwe kuwa ni bandia.

Ila angalia uhariri wako mpya. Kipande cha jukwaani, mchekeshaji anacheka akitazama kushoto. Kata. Kijana anainua kopo upande wa kushoto. Hujabadilisha fremu hata moja ya kanda, na bado umemfanya marehemu alitazame kopo na kulifurahia. Jicho la mtazamaji linaunganisha lenyewe. Weka shoti ya hadhira ya ukumbini katikati, angalau sekunde moja na nusu, ili kicheko chake kiangukie kwa watu aliowachekesha siku ile.

---

Upande wa Tatu

Na nembo ya kinywaji isitokee kwenye fremu moja naye. Ikae kwenye kadi ya mwisho peke yake.

---

Kalamu ya Usiku (mleta mada)

Mteja atasema sasa amelipia nini.

---

Mzee wa Kampeni

Atasema hivyo hivyo. Mwambie kuna wachekeshaji walio hai, wanaoweza kulionja kopo lake na kumwambia kama linanyweka.